Barua za wasomaji: Barcelona mpaka Genova na watoto kwenye gari, tulale wapi?

Karibuni tena kwenye safu yetu ya safari. Kiangazi cha Ulaya kikikaribia barua zinakuwa nyingi, za ndugu zetu wanaoishi huko na za wazazi wanaoalikwa kwenda kuwatembelea, na safari hii nyingi zinauliza njia ileile moja, ya kufuata Bahari ya Mediterania kwa gari kutoka Barcelona, kupita kusini mwa Ufaransa mpaka Genova, Italia. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengi.

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Utrecht, watoto wetu ni wa miaka 9, 6 na 2, na mwaka huu mama yangu anakuja kutoka Tanga kwa hiyo tutakuwa sita. Tunataka tupande ndege mpaka Barcelona, tukodi gari, tufuate pwani mpaka Genova na turudi kwa ndege kutoka hukohuko. Tuna usiku 13. Baba watoto ameshachora ratiba yake, karibu kila siku mji mpya, Girona, Collioure, Carcassonne, Montpellier, Avignon, Marseille, Cannes, Nice, Monaco, Sanremo mpaka Genova, anasema kilomita sio nyingi. Mi naona tutakuwa kazi yetu kufunga na kufungua mabegi tu. Nisaidie, tulale wapi na wapi tupite tu? (Mama wa Watatu, Utrecht)

Marahaba mwanangu, mfikishie mama salamu zangu. Baba watoto kwa hesabu ya kilomita yuko sawa, njia nzima ni kama kilomita 860 ukifuata barabara kuu na hakuna kipande kitakachowashinda. Ila kinachomchosha mtoto sio kilomita, ni kuhama. Siku ya kuhama mnatakiwa muwe mmetoka chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na kule mnakokwenda chumba hakifunguliwi mpaka saa tisa au saa kumi jioni, kwa hiyo hapo katikati mna masaa matano hivi hamna kwenu, jua la Julai linapiga, wa miaka miwili anataka kulala, bibi anataka choo na pa kunyoosha miguu, na mabegi yote yako kwenye gari kwa hiyo hata kuliacha mwende kula mnasita. Ratiba ya mji mpya kila siku inawapa siku ya namna hiyo karibu kila siku. Mi nakushauri mchague vituo vinne, kila kimoja mlale usiku tatu, halafu usiku wa mwisho Genova kwa ajili ya ndege, basi 13 zimetimia. Miji mingine mtaiona kwa kwenda na kurudi au mtakula mchana mkipita, na Carcassonne na Avignon ziacheni kabisa, ziko ndani mbali na bahari na zinaweza kuwa safari yao peke yake.

Kabla ya vituo, gari. Nyie ni sita na watoto wote watatu wanahitaji siti zao, na viti vitatu vya watoto kwenye siti moja ya nyuma mara nyingi havikai. Watu wengi wanakodi gari la siti saba halafu wanashangaa, kwa sababu ukishanyanyua zile siti mbili za mwisho buti inabaki ya kuweka pampasi na maji tu. Tafuteni van ya siti tisa, leseni ya kawaida ya gari dogo inairuhusu. Ila mjue van hizo zina urefu wa kama mita mbili kwenda juu, na maegesho mengi ya chini ya ardhi kwenye miji ya zamani yana mwisho wa mita 1.90, hata maegesho ya ufukweni huko Ufaransa mengi yana boriti juu ya mlango kuzuia magari marefu. Kwa hiyo unapobuku nyumba swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni hilo, je kuna pa kuweka gari, na mwisho wa urefu wa gari kwenda juu ni mita ngapi. Bwawa la kuogelea uliza baadaye.

Suala la siti za watoto kila nchi ina sheria yake. Hispania wanahesabu mtoto aliye chini ya sentimita 135, Ufaransa wanaangalia umri, chini ya miaka 10, Italia ni chini ya sentimita 150. Nyie mnapita zote tatu kwa hiyo fuateni ya Italia ndio kali kwa urefu, na huyo wa miaka 9 naye mchukulieni kiti chake cha kukalia hata akilalamika kwamba yeye mkubwa.

Halafu kuna ada ya kuchukua gari nchi moja na kuliacha nyingine, hiyo mara nyingine inazidi hata kodi ya gari lenyewe, ombeni bei kabla hamjalipa ndege. Mkikuta imewashinda kuna njia ya pili ambayo mi naipenda sana, mnapanda treni kutoka Barcelona mpaka Perpignan, ni kama saa moja na nusu tu, mnakodi gari hapo, mnaliacha Nice ndani ya Ufaransa hiyohiyo ambapo ada inakuwa ndogo, halafu Italia mnaimaliza kwa treni kwa sababu reli inapita pwani mji kwa mji kutoka Nice hadi Ventimiglia na kuendelea mpaka Genova. Vituo ninavyokutajia chini vinawezekana kwa njia zote mbili.

Na siku. Ufaransa wana ofisi ya serikali inaitwa Bison Futé, kazi yake kutabiri foleni, kila siku wanaipa rangi, kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ndizo zinazopata nyekundu na nyeusi, maana wale wanaorudi likizo na wale wanaokwenda wanakutana barabarani, na barabara ya A9 kutoka Perpignan kwenda Nîmes ni mojawapo ya zinazoumia zaidi. Ondokeni Barcelona siku ya Jumanne. Ukihesabu usiku tatu tatu mtahama Ijumaa, Jumatatu, Alhamisi na Jumapili, Jumamosi zote mko majini mnaogelea wakati wenzenu wamekwama. Tatizo moja, kambi nyingi zenye vile vijumba vya kukodi vinavyofaa sana kwa familia, zenye jiko na bwawa, Julai na Agosti zinataka mkae Jumamosi mpaka Jumamosi, kwa hiyo tafuteni mapema zile zinazokubali siku chache, au apatimenti. Na kwenye hivyo vijumba mashuka mara nyingi sio ndani ya bei, soma vizuri.

Kituo cha kwanza nawapeleka Argelès-sur-Mer, kilomita 180 hivi kutoka Barcelona. Barcelona msilale, mkishuka ndege asubuhi chukueni gari hukohuko airport mtoke. Barabara ya AP-7 mpaka mpakani La Jonquera zamani ilikuwa ya kulipia, tangu Septemba 2021 ni bure. Jazeni mafuta kabla ya kuvuka, Hispania ni rahisi kuliko Ufaransa. Argelès ina mchanga, na maji yanaanza taratibu, na hili naomba mlizingatie katika kuchagua kila kituo, sio fukwe zote za Mediterania zinafanana. Upande huu wa Roussillon na Languedoc ni mchanga na maji ya magoti kwa hatua nyingi, ndio pa mtoto wa miaka miwili. Nice ni mawe ya mviringo, kukanyaga kunauma na hatua chache tu kina kimeshakuwa kirefu. Bibi wa Tanga atashangaa kitu kingine, bahari hii haipwi wala haijai kama yetu, tofauti ni ndogo hata huioni, kwa hiyo hakuna kusubiri maji, asubuhi na jioni ufukwe uko palepale. Collioure, kijiji kizuri chenye ngome ndani ya maji, nendeni kwa treni kutoka Argelès, ni dakika chache, kwa gari mtazunguka kutafuta paking mpaka mkasirikiane. Pale wanauza vidagaa vilivyohifadhiwa kwa chumvi, mnunulieni mama.

Mkitoka Argelès Ijumaa kuelekea Camargue, kwenye kituo chenu cha pili, ni kama kilomita 250 na ndicho kipande kirefu kuliko vyote. Anzeni saa mbili asubuhi. Kati ya Perpignan na Narbonne kuna upepo unaitwa tramontane, unashuka kutoka bara kwa nguvu na unapiga gari ubavuni, mtaona mifuko ya upepo imesimamishwa kando ya barabara, imenyooka kabisa. Mkiwa na keria juu au van ndefu punguzeni mwendo na shikeni usukani kwa mikono miwili hasa mnapolipita lori, maana ukishalipita upepo unarudi ghafla. Mkifika mtaukuta ndugu yake, mistral, unaoshuka na bonde la mto Rhône. Siku ya mistral anga linakuwa safi mno lakini mchanga unawapiga watoto miguuni, siku hiyo msiende ufukweni, nendeni Pont du Gard, daraja la Warumi nitakalolieleza hapo chini.

Chakula cha mchana simameni Sète. Huu ni mji wa wavuvi, una mifereji, mashua zinafunga katikati ya mji, na chakula chao ni tielle, mkate wa mviringo wa kushika mkononi, ukingo wake umebanwa kwa vidole kama sambusa, ndani una pweza aliyekatwa vipande vidogo na kupikwa na nyanya na pilipili kidogo, juu unang'aa mafuta mekundu. Watu wa pwani yetu tunamjua pweza wa nazi, wa kukaanga, wa supu, mama akiuma huo mkate atakaa kimya kwanza halafu ataanza kuuliza viungo. Nunueni wa kutosha mle kwenye benchi pembeni ya mfereji. Na kama mnataka mgahawa, mjue Ufaransa jiko la mchana linafunguliwa saa sita na saa nane linafungwa, ukifika saa nane na nusu na watoto wanalia hakuna atakayekupikia. Hii kanuni inawaumiza wageni wengi kuliko hata bei.

Kituo cha pili basi, Arles au Saintes-Maries-de-la-Mer. Hapo ni delta ya Rhône, mabwawa ya chumvi, mpunga, farasi weupe na heroe. Ndiyo, heroe wale wale jamii ya wanaoonekana kwenye maziwa yetu ya magadi, na karibu na Saintes-Maries kuna hifadhi ya ndege ya Pont de Gau ambapo njia za miguu zinapita pembeni kabisa ya maji, mtoto anamwona ndege amezamisha kichwa anachuja matope bila hata darubini. Nendeni asubuhi mapema. Dawa ya mbu msisahau, mbu wa Camargue hawana utani. Siku ya pili ni hiyo Pont du Gard niliyoitaja, kama kilomita 40 kutoka Arles, daraja la mawe la Warumi lenye ghorofa tatu za matao, urefu wake kwenda juu mita 49, lilijengwa kupitisha maji kwenda Nîmes, na chini yake kuna mto watu wanaogelea, basi huyo wa miaka 9 anapata historia na kuogelea mahali pamoja. Marseille nendeni kwa treni kutoka Arles, ni kama saa moja, van yenu muiache imepumzika.

Cha tatu ni Fréjus au Saint-Raphaël, miji miwili iliyoshikana, kilomita 190 hivi. Hapa ndio pwani maarufu na ghali inapoanza lakini Fréjus ina mchanga mpana na bei inavumilika kuliko Cannes. Siku moja chukueni barabara ya chini inayoitwa Corniche d'Or, kutoka Saint-Raphaël kwenda Théoule, mawe mekundu kabisa yanaingia kwenye maji ya buluu, kona nyingi, mwendo mdogo, mnasimama pale mtakapopenda. Nice na Monaco kwa treni tena. Monaco kuna makumbusho ya bahari ya mwaka 1910 yenye samaki hai chini na mifupa ya nyangumi juu, watoto wanaipenda, mji wenyewe zaidi ya hapo sidhani kama una kitu kwa familia ya watu sita.

Cha nne Finale Ligure, Italia, mchanga, mji tambarare, kituo cha treni katikati. Fukwe nyingi za huko ni za kulipia kiti na mwavuli, vipande vya bure vipo ila ni vidogo na vinajaa mapema. Genova mtafika kwa kama saa moja, gari mkishaliacha nendeni akwariamu iliyopo bandari ya zamani, ilifunguliwa mwaka 1992 na ni kubwa hasa. Ila msiingie na gari katikati ya mji, miji ya Italia ina maeneo yanaitwa ZTL, gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia, kamera inapiga picha namba, na faini inafika kwa kampuni ya gari halafu kwako miezi mingi baadaye, pamoja na ada ya kampuni juu.

Shangazi salaam. Mimi niko Mombasa, naendesha gari miaka mingi na leseni yangu ni safi. Ndugu yangu anaishi Lyon na ameniambia nije tusaidiane kuendesha, yeye na familia yake, mpaka Italia. Wazo letu tuendeshe usiku watoto wakiwa wamelala ili tuokoe pesa za hoteli. Je nitaruhusiwa, na kuendesha upande wa kulia ni shida? (Dereva wa Mombasa)

Salaam kaka. Chukua kibali cha kimataifa cha kuendesha kutoka AA Kenya kabla hujaondoka, utembee nacho pamoja na leseni yako ya nyumbani, kimoja bila kingine hakina kazi. Kama gari ni la kukodi jina lako liandikwe kwenye mkataba kama dereva wa pili, usipoandikwa na ukagonga bima haikujui. Kama ni la ndugu yako, yeye apige simu kwa bima yake aulize kuhusu wewe.

Upande wa kulia barabara kuu sio shida, wote mnaelekea kumoja. Shida iko kwenye vipilefti, kule unazunguka kinyume na tulivyozoea na unawapisha wanaotoka kushoto kwako, na kwenye kutoka sheli au paking tupu asubuhi ambapo hakuna gari la kulifuata, hapo ndipo mkono wa zamani unarudi wenyewe. Kwa hiyo siku mbili za kwanza uendeshe mchana, barabara kuu tu, ndugu yako akiwa pembeni. Mwendo ni 130 Ufaransa na Italia, mvua ikinyesha 110, Hispania ni 120, na kamera ni nyingi. Kwenye vituo vya kulipia usiingie mlango wenye alama ya t ya rangi ya chungwa peke yake, ule ni wa wenye kifaa cha kulipia chenyewe ndani ya gari, ingia wenye alama ya kadi au ya sarafu.

Hilo la usiku sikubaliani nalo. Wewe umetoka safari ndefu ya ndege, upande mgeni, halafu usiku wa manane watoto wamelala na gari zima kimya, usingizi unakuja bila hodi. Wenyewe Wafaransa wanashauri kupumzika kila masaa mawili, na barabara zao zimejengwa hivyo, maeneo ya kupumzikia hayako mbalimbali, yana choo na meza chini ya miti. Karibu na Nîmes kwenye A54 kuna moja, Caissargues, wamesimamisha nguzo za jumba la zamani la michezo ya kuigiza la Nîmes lililoungua mwaka 1952, watoto wanakimbia katikati yake. Ondokeni alfajiri saa kumi na moja, watoto watalala hivyohivyo masaa mawili ya kwanza, na hoteli za bei nafuu kando ya barabara zipo. Na kwa wale mnaoanzia Hispania, mkisimama pale La Jonquera au maeneo ya karibu na Barcelona, akija mtu kuwaonyesha kwamba tairi lenu lina tatizo, msishuke wote, milango ifungwe, ni mbinu ya wezi inayojulikana.

Habari. Mimi ni mzee niko Temeke, binti yangu yuko Montpellier anataka tuzunguke na wajukuu, tutue Barcelona siku tatu, Ufaransa siku kumi, Italia siku tatu. Viza niombe ubalozi gani? (Babu, Dar es Salaam)

Shikamoo babu. Omba ya Ufaransa, kanuni ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi hizo za Ulaya, ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, haijalishi unatua wapi kwanza, pa kutua kunaangaliwa pale tu siku zikilingana. Viza hiyohiyo moja inakupitisha Hispania na Italia. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usingoje mpaka mwezi wa mwisho. Mwambie binti asibuku hoteli zisizorudisha pesa mpaka viza itoke. Na barabarani, babu, pasi yako usiiache kwenye begi la nyuma, japo nchi hizo hazina mpaka wa kusimama, polisi wa Ufaransa wanakagua magari na treni pale Menton ukitokea Italia, na Le Perthus pia, mkiwa na hati zote kwenye mkoba mmoja mbele ni dakika tano.

Assalaam alaykum. Sisi tuko Maskati, In Shaa Allah tutatua Nice, mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wanne. Nauliza kuhusu chakula cha halali njiani, na mimi naogelea na vazi langu la stara, nimesikia Ufaransa wanakataza. (Umm wa Wanne, Maskati)

Wa alaykum salaam dada. Chakula msihofu, kusini yote ya Ufaransa ina jamii kubwa za watu wa Afrika Kaskazini na bucha za halali ziko kila mji wa ukubwa wa kati, mkikodi nyumba yenye jiko mmemaliza kazi, na samaki hapo ndio kwake. Nawashauri Marseille muipe angalau siku nzima. Soko la Noailles mtakuta viungo, tende, mikate, matunda, na Marseille pia ni mji wenye Wakomoro wengi mno, sasa Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa karibu, mama mkwe akikaa nao robo saa ataanza kuokota maneno. Kwenye barabara kuu chakula cha halali ni shida kidogo, bebeni hotpoti yenu na chapati.

Kuhusu vazi, tofautisha bahari na bwawa. Mwaka 2016 mahakama kuu ya mambo ya utawala ya Ufaransa ilisimamisha amri ya mji wa Villeneuve-Loubet, karibu na Nice, iliyokataza vazi hilo ufukweni, ila baadhi ya mameya wameendelea kujaribu, kwa hiyo angalia bango la kanuni pale mlangoni mwa ufukwe na uliza ulipofikia. Mabwawa ni tofauti, ya manispaa na mengi ya kambi na hoteli yanalikataa, hata wanaume wenye kaptula za kupwaya wanarudishwa, wanataka ile ya kubana. Andika uulize kabla hujalipa, wakujibu kwa maandishi, wakikataa tafuta nyumba yenye bwawa lake la binafsi, kwa familia ya watu saba bei mara nyingi haipishani sana na vyumba vitatu vya hoteli. Mi linanisikitisha kuona mama amekaa kwenye kiti na watoto wake wako majini, kwa hiyo hili lipangeni mwanzoni kabisa.

Shangazi mambo, sie tuko Stuttgart, mtoto wetu wa miaka 5 anatapika kila akipanda gari zaidi ya nusu saa. Tunatoka Nice kwenda kuona vile vijiji vya Cinque Terre. Tuache? (Baba Mmoja, Stuttgart)

Msiache, ila msifuate barabara ya zamani ya pwani ya Aurelia hata kama wanaisifia kwa mandhari, kona zake zitammaliza. Chukueni A10 ya juu. Ina mahandaki mengi yanafuatana, giza na mwanga, giza na mwanga, kwa hiyo asitazame simu wala kitabu, akae kiti kirefu aone mbele, kioo kiteremshwe kidogo, na asubuhi apewe kitu kikavu kidogo, mkate au biskuti, maziwa na juisi ziacheni mpaka mfike. Dawa muulizeni mfamasia, duka lina msalaba wa kijani, mwambieni umri na uzito wa mtoto. Lalani njiani usiku mmoja, Noli au Finale Ligure panafaa, mgawanye safari iwe vipande viwili.

Na Cinque Terre yenyewe gari haliingii, yaani kuna barabara lakini pa kuegesha karibu hakuna. Laleni Levanto, upande wa Genova, au La Spezia upande wa pili, treni inapita vijiji vyote vitano na kati ya kimoja na kingine ni dakika chache tu, mtoto hana muda wa kutapika. Kuna tiketi ya siku inayokuruhusu kupanda na kushuka kutoka Levanto mpaka La Spezia, inunueni jioni iliyotangulia na mpande kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, ikifika saa nne watu wa meli za kitalii wameshajaza mabehewa na mtoto wa miaka 5 atasimama njia nzima.